Inhela ya Bluu: Mipulizo Mingapi, Baada ya Muda Gani, na Moyo Ukianza Kwenda Mbio Ufanyeje

"Daktari, nipe ile ya bluu."

Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini huku mtaani Umoja yeyote anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa na koti jeupe ni daktari, na nimeacha kubishana. Aliyeniita alikuwa makanga wa matatu za Jogoo Road. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Nairobi huamka na baridi ya kukata masikio na vifua vya watu huanza kupiga mluzi kabla jogoo hajawika. Nikajua anataka inhela ya pumu, kile kimkebe cha kuvuta dawa kifuani. Nikamuuliza ile nyingine aliinunua lini.

"Si ni kama wiki mbili hivi?"

"Na kwa siku unapuliza mara ngapi?"

Akacheka. "Nikisikia tu."

Nilipiga hesabu papo hapo. Mkebe mmoja una mipulizo 200. Ukiumaliza kwa siku 14, umevuta zaidi ya mipulizo 14 kila siku. Nikamwomba anionyeshe anavyovuta. Akaitia mdomoni, akabonyeza mara tatu mfululizo kama anayepiga honi, na wingu jeupe likamtoka puani na pembeni ya midomo. Nikaelewa: kijana alikuwa na matatizo mawili. Dawa nyingi ilikuwa ikiishia hewani na kooni. Na hata ile kidogo iliyofika kifuani, haikuwa dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe.

Haya ndiyo niliyomweleza, na ndiyo ninayomweleza kila anayekuja kuulizia ile ya bluu. Kama daktari wako amekuandikia mpango tofauti na huu, fuata wa daktari. Yeye amekipima kifua chako, mimi sijakipima.

Hatua ya kwanza: soma jina, usiamini rangi

Inhela nyingi za bluu zina salbutamoli, na kwenye kisanduku utaona limeandikwa salbutamol. Ukiona 100 mcg, hiyo ni mikrogramu 100 katika kila mpulizo. Ndugu aliye Marekani akikutumia inhela iliyoandikwa albuterol, ni dawa ileile. Kule huandika mikrogramu 90 kwa sababu wao hupima kinachotoka mdomoni mwa inhela, na sisi kile kinachotoka kwenye vali ya mkebe. Idadi ya mipulizo haibadiliki.

Rangi ni mazoea ya viwanda tu, si sheria. Ya kahawia mara nyingi ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kama vile beklometasoni, na hiyo haimwokoi mtu aliyebanwa sasa hivi. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa akimpulizia mtoto ya kahawia usiku kucha akidhani ni ya kuokoa. Soma jina.

Salbutamoli hulegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa. Basi. Haiondoi uvimbe na makamasi yaliyo ndani ya mirija, na uvimbe huo ndio pumu yenyewe. Kuondoa uvimbe ni kazi ya steroidi.

Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa jina la Ventolin. Kabla yake watu walivuta isoprenalini, iliyofungua kifua vizuri lakini ikaupiga moyo kwa nguvu ileile, na katika miaka ya 1960 vifo vya wagonjwa wa pumu viliongezeka huko Uingereza wakati inhela kali za dawa hiyo zilipokuwa zikitumika sana. Salbutamoli ilitengenezwa ili iulenge mrija na kuusamehe moyo. Ila dozi ikizidi, msamaha huo hupungua, na hapo ndipo mtu huanza kusikia kifua kinadunda kama ngoma.

Hatua ya pili: hakikisha hunywi salbutamoli mara mbili bila kujua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona makosa mengi.

Dawa hii ipo pia kwa vidonge na kwa maji. Kijiko kimoja cha mililita 5 cha dawa ya maji huwa na miligramu 2, yaani mikrogramu 2,000. Gawanya kwa 100: ni sawa na mipulizo 20. Kidonge cha miligramu 4 ni mipulizo 40. Ni kweli kwamba dawa ya kumeza haifiki yote mahali pa kazi, na hapo ndipo penye ubaya wake: huzunguka mwili mzima, hutetemesha mikono, huuendesha moyo mbio, na huchukua kama nusu saa kuanza kazi. Ya kuvuta huanza ndani ya dakika 5. Vidonge hupendwa kwa kuwa ni vya bei nafuu na havimwaibishi mtu ndani ya matatu, lakini kwa pumu ya kawaida miongozo ya leo haivipendekezi pale inhela inapopatikana.

Tena kuna dawa za kikohozi. Nyingi huchanganywa salbutamoli pamoja na za kulainisha makohozi. Mpwa wangu aliwahi kununuliwa chupa mbili siku moja, kutoka maduka mawili tofauti, moja "ya kifua" na nyingine "ya kikohozi". Zote mbili zilikuwa na salbutamoli. Mtoto alikesha akitetemeka, macho kodo, moyo ukimwenda kama wa kuku aliyefukuzwa, na dada yangu akanipigia simu akilia kwamba mtoto amelogwa. Nilimwambia asome maandishi madogo nyuma ya chupa. Kule dukani hakuna aliyemuuliza mtoto alikuwa tayari anakunywa nini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, taja kila dawa iliyo nyumbani. Na ya maji ipime kwa kijiko au bomba la sindano lililokuja na chupa. Kijiko cha kulia ugali hubeba karibu mara tatu ya kile cha chai.

Wazee wengi bado hutumia vidonge vya theofilini. Hivyo navyo hufungua mirija, lakini nafasi kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru ni nyembamba. Antibiotiki kama eritromaisini au siprofloksasini huipandisha theofilini katika damu, na dalili zake ni kutapika, moyo kudunda ovyo, na hata degedege. Usiviongeze mwenyewe kwa sababu usiku umekuwa mgumu.

Hatua ya tatu: vuta sawasawa kabla ya kusema dozi haitoshi

Hata kwa anayejua kuvuta, sehemu kubwa ya kila mpulizo hubaki kinywani na kooni. Asiyejua hupata karibu na bure. Fanya hivi:

1. Toa kifuniko na uchungulie ndani. Nimeshatoa punje ya muguka, ile miraa ya majani, na sarafu ya shilingi.
2. Ikiwa mpya, au haijatumika kwa siku 5 au zaidi, itikise na upulize mara mbili hewani. Asubuhi ya baridi, ushike mkebe kiganjani kwanza upate joto, maana ukiwa baridi sana hautoi dawa vizuri. Usiuweke karibu na jiko!
3. Keti wima au simama. Tikisa.
4. Toa pumzi yote taratibu.
5. Ubane mdomo wa inhela kwa midomo, ulimi chini. Anza kuvuta polepole, na hapohapo bonyeza mara moja. Endelea kuvuta polepole mpaka kifua kijae.
6. Bana pumzi hadi ukihesabu kumi, au kadiri unavyoweza.
7. Ngoja kati ya nusu dakika na dakika moja, tikisa tena, kisha mpulizo wa pili.

Watu wengi hukosea namba 5: hubonyeza kwanza ndipo wavute, au huvuta kwa fujo kama wanaokunywa soda kwa mrija. Tiba yake ni spesa, lile bomba la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo. Dawa hutulia humo, nawe unavuta kwa mpulizo mmoja pumzi tano za kawaida. Mtoto mdogo atahitaji spesa yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Spesa ni ghali? Chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi. Sitanii. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, na kwa watoto waliobanwa na pumu chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Osha chupa kwa maji ya sabuni na uiache idondoke maji mpaka ikauke. Usiifute kwa kitambaa, kwa sababu msuguano huleta umeme unaoivuta dawa ikang'ang'anie ukutani. Pasha waya moto, toboa kitako tundu la umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela, na uzibe pembeni hewa isipite. Mgonjwa huvutia kwenye shingo ya chupa. Chupa ambayo imewahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kunguni usiiguse.

Hatua ya nne: dozi ya siku ya kawaida

Mtu mzima, na mtoto wa miaka 5 kwenda juu: mpulizo 1 au 2 kifua kinapobana. Nafuu hudumu kati ya saa 4 na 6. Bila maagizo ya daktari, usipite mara nne kwa siku, yaani mipulizo 8 ndani ya saa 24. Anayebanwa akikimbia au akicheza mpira avute mipulizo 2 kama dakika 15 kabla ya kuanza.

Mtoto wa chini ya miaka 5, mwenye pumu inayojulikana: mipulizo 2 kupitia spesa, mmoja mmoja. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20, na baada ya dakika 20 nyingine unaweza kurudia kwa mara ya mwisho. Akihitaji zaidi ya mipulizo 6 ndani ya saa 2 za kwanza, hiyo si kazi ya nyumbani tena.

Usivute kwa saa kama vidonge vya malaria. Hii ni dawa ya haja. Usipobanwa, huihitaji.

Hatua ya tano: siku ya kubanwa kweli

Hapa kikomo cha mipulizo 8 kinawekwa kando, na ni vizuri ujue hivyo mapema, kwa sababu nimekutana na watu walioogopa dozi huku wakikosa pumzi. Kwa dakika zile, kukosa hewa ni hatari kuliko moyo kwenda mbio.

Mketishe mgonjwa wima, asilale. Legeza kola na mshipi. Wanaomzunguka watawanyike, kumpepea kwa gazeti hakufungui mirija. Mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, kwa spesa au chupa, mpaka mipulizo 10. Akipata nafuu, bado aonwe na daktari siku hiyohiyo. Asipopata, au akizidiwa hata kabla ya kufika 10, ni hospitali. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mkingoja, baada ya dakika 10 rudia tena mipulizo hadi 10.

Lakini tunaijua Nairobi. Jogoo Road saa kumi na mbili jioni haimhurumii hata mwenye king'ora. Jua leo, ukiwa mzima, ni kituo gani kilicho karibu nawe chenye oksijeni na mashine ya mvuke usiku. Watu wa Eastlands wengi hukimbilia Mama Lucy Kibaki, wa upande wa Kibera na Lang'ata huenda Mbagathi. Ukipata teksi au gari la jirani mapema, panda, na uendelee kumpulizia njiani. Pikipiki kwa mtu anayekosa pumzi ni ya mwisho kabisa: vumbi, baridi usoni, na hana nguvu za kujishika.

Usihesabu hata mpulizo mmoja, ondokeni mara moja huku mkipuliza, ukiona hivi: hawezi kumaliza sentensi, midomo au kucha zinageuka rangi, mbavu za mtoto zinazama ndani akivuta pumzi, anasinzia au amechanganyikiwa. Na ule mluzi ukinyamaza ghafla ilhali mtu bado anahangaika, si kwamba amepona. Hewa haipiti.

Hatua ya sita: madhara, yapi ya kuvumilia na yapi ya kukimbilia

Mikono kutetemeka, moyo kwenda kasi kidogo, kichwa kuuma, wasiwasi, misuli ya mguu kukaza usiku. Haya ni ya kawaida na huisha dawa inapoisha mwilini. Baada ya mipulizo 2 mtu hutetemeka kikombe cha chai kikacheza kidogo, nusu saa baadaye ametulia. Keti, kunywa maji, usiongeze kahawa wala muguka juu yake.

Dozi kubwa zikirudiwa hushusha potasiamu ya damu, na hapo misuli hulegea na moyo unaweza kupoteza mpigo. Hupandisha sukari pia, kwa hiyo mwenye kisukari apime mara nyingi zaidi baada ya usiku mbaya. Lipo na jambo moja linalowachanganya hata wauguzi: dawa ikizidi sana, asidi hujaa katika damu na mtu huanza kuhema kwa kasi. Akihema hivyo, mwenyewe hudhani pumu imezidi, anaongeza mipulizo. Ukiona anahema kwa kasi lakini kifua hakipigi mluzi, daktari ajulishwe mmetumia kiasi gani.

Hospitali mara moja: maumivu ya kifua, moyo unaoruka mapigo, kuzirai, kuvimba uso au midomo, na kifua kinachobana *zaidi* mara tu baada ya kupuliza. Hilo la mwisho ni nadra, lakini lipo, na likitokea usiirudie inhela hiyo. Mtoto akinywa chupa ya dawa ya maji kisirisiri, usimtapishe. Mbebe na ubebe chupa.

Hatua ya saba: walio na ya ziada mwilini

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au kisukari anaweza kuitumia, ila daktari ajue. Mjamzito asiiache. Mtoto tumboni anahitaji oksijeni ya mama, na pumu iliyoachwa ni hatari kwake kuliko dawa.

Kuna dawa za presha kama propranololi na atenololi zinazofunga mlango uleule ambao salbutamoli inaufungua. Propranololi kwa mwenye pumu inaweza kumbana vibaya sana. Hata matone ya macho ya timololi, yale ya presha ya macho, hufika mapafuni. Shosho mmoja alihangaika na kifua miezi mitatu kabla mtu hajamuuliza kuhusu macho. Dawa za kukojosha kama furosemidi, zikikutana na salbutamoli nyingi, hushusha potasiamu kwa pamoja. Na kwa baadhi ya wenye pumu aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huamsha kifua, kwa hiyo ukiumwa kichwa anza na parasetamoli.

Hatua ya nane: hesabu mikebe

Chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike tarehe kwenye mkebe siku unapoufungua. Mikebe mingi haina kihesabio, na ile mbinu ya kuutia kwenye maji uone kama unaelea haitoi jibu la kweli, tena maji huziba tundu.

Kisha tazama tarehe zinavyofuatana. Mikebe 3 au zaidi kwa mwaka huendana na hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Mikebe 12, mmoja kila mwezi, huendana na hatari kubwa zaidi ya kufa. Makanga wangu kwa mwendo wake angefikisha 26. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake. Anahitaji inhela yenye steroidi ndani yake. Mwulize daktari kuhusu steroidi ya kila siku, au ile ya budesonidi pamoja na formoteroli, ambayo wengine huitumia kwa kinga na kwa kujiokoa pia. Hiyo nayo ina kikomo chake: kwa mtu mzima anayetumia ya 160/4.5 (mikrogramu za budesonidi na za formoteroli katika kila mvuto), jumla ya mivuto 12 kwa siku. Ukishavuta steroidi sukutua kinywa na uteme, la sivyo utaota utando mweupe.

Ukijikuta unaihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, ukiamshwa na pumu usiku, au nafuu haifiki saa 4, huo ndio wakati wa kwenda kliniki, si wa kuja kwangu kununua mbili kwa mpigo. Nenda na mkebe na ile tarehe. Na mweleze unalala wapi: jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, moshi wa jalala la Dandora unaoingia dirishani usiku, kazi ya kuning'inia mlangoni mwa matatu. Hayo hayamo kwenye kipimo cha damu.

Kuhifadhi ni rahisi: chini ya nyuzi 30, mbali na dashibodi ya gari na mbali na moto. Kile kiplastiki kioshe kila wiki kwa maji ya vuguvugu, mkebe ukiwa umetolewa. Mkebe ukiisha usiutoboe wala usiutupe penye takataka zinazochomwa, hata ukiwa mtupu kabisa. Nyuma ya ploti yetu mlinzi huwasha moto kila Jumamosi, na aliwahi kuruka ukuta kwa mlipuko wa mkebe mmoja. Niletee kaunta, nina boksi lake.